Tundu la Kimulimuli

Mimi sipendi kuulizwaulizwa habari za kimulimuli. Kila mgeni anayepanda mlima kuja kwetu hapa Mikindani, akikiona kimesimama sebuleni kwa miguu yake mitatu, kwanza atapiga picha, halafu atauliza kama tunakiuza. Hatukiuzi. Ukiuliza tena nakuletea chai ya moto ili mdomo wako upate shughuli.

Kwa asiyekijua, ni kioo cha duara, ukubwa wa kisahani, kimeshikwa na mikono miwili ya shaba juu ya miguu mitatu ya mbao. Nyuma kuna kidude cha kubonyeza. Ukikielekeza vizuri kwenye jua ukabonyeza, kioo kinainama kidogo na kutupa mwanga mbali, ng'ambo ya ghuba na zaidi ya hapo. Ukiachia, mwanga unakatika. Askari wa Kiingereza walikuwa wakisemezana hivyo, kilima kwa kilima, wakati wa vita vya Mjerumani. Babu yangu alikuwa mpagazi wao. Walipofika kwenye mlango wa Ruvuma, askari mwenye kazi hiyo akashikwa na homa akafa, na babu, aliyekuwa amelibeba sanduku lile njia nzima, hakuambiwa alitue wapi, basi akarudi nalo nyumbani. Hivyo ndivyo alivyokuwa akieleza yeye. Bibi alisema hakuna cha kuambiwa wala kutoambiwa, alikipenda tu akaondoka nacho. Mimi namwamini bibi.

Katikati ya kioo kuna tundu. Si tundu la kupitisha kidole, ni mahali padogo ambapo ile dawa ya kioo haikupakwa. Ukikaa nyuma ukaweka jicho lako hapo, unamwona aliyekaa mbele. Yeye haoni kitu, anaona sura yake na kinukta cheusi kama punje ya ufuta.

Sasa bibi alikuwa somo, kungwi wa nyumba yetu. Wasichana wote wa ukoo walipita mikononi mwake kabla ya kuolewa, na kulikuwa na jambo moja lililomkera. Baba anamwita binti yake, anamwambia fulani amekuposa, unasemaje. Binti aliyelelewa akalelewa anainamisha kichwa, ananyamaza. Baba anatoka nje anawaambia watu amekubali, maana mwanamwali akinyamaza ndiyo jibu lake, na masheikh wanasema hivyo. Bibi hakubishana na masheikh. Alisema tu kwamba kunyamaza kuna aina nyingi na wanaume wanaijua moja.

Basi akakitafutia kioo kazi. Siku moja kabla ya nikaha, asubuhi jua likishachangamka, mwari anakalishwa uani mbele ya kimulimuli ajitazame. Somo anakaa nyuma, jicho kwenye tundu. Hakuna kuulizana. Somo anataja jina la bwana harusi na la baba yake, taratibu, mara tatu, huku anamtazama mwari anavyojitazama. Akiridhika anakibeba kimulimuli mpaka barazani, pale ghuba yote inapoonekana, anatupa mwanga kule waliko watu wa bwana harusi. Wao wakiuona wanapiga vigelegele na kubandika masufuria. Sisemi ni mila ya Mikindani. Ni mambo ya nyumba yetu, na majirani walitucheka sana mpaka walipoanza kuja kukiazima.

Simu zipo, najua, hata mimi ninayo. Lakini simu inaweza kusema ndiyo mtu akiwa amelala kitandani amegeukia ukutani. Kimulimuli lazima mtu asimame juani.

Bibi alipoanza kupoteza nuru ya macho akanikabidhi mimi. Nikamuuliza natakiwa kuona nini. Akasema nitaona. Nikamuuliza, je, nikiona vibaya nifanye nini? Akaniambia nisimchoshe, nikamletee uji.

Na kweli niliona. Nimewakalisha wanawali wengi mbele ya kile kioo na wote hufanya kitu kimoja. Jina likitajwa, wanajitazama. Huyu ataweka kanga sawa, yule atapitisha ulimi kwenye meno, mwingine atageuza shavu moja halafu la pili. Anajitazama kwa macho ya yule mwanamume, kama anajiuliza ataniona nikoje. Binti mmoja, Rukia, machozi yalikuwa yanamtiririka nikasema leo kuna kazi, kumbe huku analia mkono unapanga nywele. Nilitoka kwenda kutupa mwanga huku nacheka peke yangu.

Sasa nije kwa Hafsa.

Hafsa ni mtoto wa mdogo wangu, Mustafa. Mama yake alifariki Hafsa hajasimama dede, na mimi nikamchukua siku hiyo hiyo, na Mustafa hakusema neno. Sikujaaliwa mtoto wa tumbo langu, na sitaki pole ya mtu, maana nimempata huyo. Mbele za watu ananiita shangazi. Akiumwa ananiita mama. Anafanya kazi Naliendele kwenye utafiti wa korosho, upande wa miche, kazi yake kupandikiza vikonyo. Kila jioni anarudi na udongo kwenye kucha na kila jioni tunagombana kwa ajili hiyo.

Muzamil nilimtafuta mimi. Wala sikumpata kwa kuambiwa na watu, nilimwona kwa macho yangu hospitali. Mama yake alikuwa kwenye foleni, joto limezidi, na yeye amesimama anampepea kwa bahasha ya picha ya eksirei. Bibi mmoja wa kando, asiyemjua kabisa, naye alikuwa anapata upepo, basi Muzamil akawa anaipeleka bahasha mbali kidogo ili na huyo imfikie. Nikaulizia. Nikaambiwa ni wakala wa forodha pale bandarini, msimu wa korosho hapati hata usingizi, anasali, hana makuu. Na kwao ni ng'ambo ya ghuba. Nikikaa barazani kwangu paa la nyumba yao ninaliona.

Hilo la paa ndilo lililonimaliza. Nimezeeka, magoti yamekuwa ya kubembelezwa. Nikajiona nimekaa pale asubuhi na kahawa yangu, naangalia lile paa, najua mtoto wangu yuko chini yake na yuko na mtu mwema. Nilianza kuimba jikoni. Mimi siimbi.

Posa ikaja, Mustafa akamwita binti yake akamuuliza. Hafsa akainamisha kichwa. Mustafa akatoka uso umemchanua, na mimi nikapiga kigelegele cha kwanza kabla hajafika mlangoni.

Wiki ya harusi tulikisafisha kimulimuli. Ni kazi ya Hafsa tangu utotoni, kusugua shaba kwa limau na majivu mpaka ing'ae. Akawa anasugua, ananiambia, "Shangazi, hiki kina jina lake. Nimeangalia kwenye simu. Kinaitwa heliografu."

"Kinaitwa kimulimuli."

"Na hili tundu ni la kulengea. Yule askari alikuwa anachungulia hapa amtafute mwenzake, ajue mwanga wake unakwenda kwa nani. Si la kuchungulia wanawali."

"Na nani amekwambia kuna mtu anachungulia wanawali?"

Akacheka mpaka akaweka limau chini. "Shangazi, ukikaa nyuma yake nyusi zako zinatokeza kwa juu. Sote tunajua. Hata Amina, mtoto wa jirani, anajua."

Nilinuna. Siri ya bibi imetunzwa miaka yote hiyo, kumbe nyusi zangu zilikuwa zinaitangaza. Nikamwambia asugue miguu, shaba imetosha.

Alhamisi ikafika, nikaha ni kesho yake baada ya sala ya Ijumaa. Uani kumejaa wanawake, mchele unachambuliwa, vitunguu vinakatwa, kila mtu anatoa amri. Nikawafukuza wote waende upande wa jikoni. Mustafa alikuwa barazani na kanzu yake mpya, simu mkononi, anasubiri kuona ng'ambo watakavyopokea. Nikamkalisha Hafsa mkekani, hina haijakauka mikononi, kanga kichwani. Nikakaa nyuma, safari hii nimeinama sana ili nyusi zisionekane. Nikaweka jicho.

"Muzamil bin Athumani," nikasema.

Hafsa alikuwa ananitazama mimi.

Hakujitazama hata kidogo. Macho yake yalikuwa yamenyooka kwenye kile kinukta cheusi, yametulia, hayapepesi. Kanga ilikuwa imemteleza upande mmoja wa kichwa, nywele nje, na hakuinua mkono. Nikangoja. Nikataja mara ya pili. Akatabasamu. Tabasamu hilo nalijua, nimelilea mwenyewe. Ndilo ananipa nikiwa kitandani naumwa, ananiletea dawa na kuniambia si chungu.

Mara ya tatu sikutaja.

Nisikudanganye, niliinuka. Nilishika kimulimuli miguu yake nikakiinua. Msichana ametulia, anatabasamu, hajalia, hajakunja uso, mtu gani angenilaumu? Baba yake ameuliza, amenyamaza. Mimi nimetazama, ametabasamu. Hatua chache tu mpaka barazani, natupa mwanga, wanapiga vigelegele, basi. Nikasimama na mzigo ule mikononi nikaliona lile paa kichwani mwangu, na kahawa, na asubuhi zangu zote zilizobaki. 

Nikakirudisha chini. Nikazunguka nikaenda kukaa mkekani, mbele yake.

"Mbona hujitazami?"

"Nakutazama wewe, shangazi."

"Mimi siolewi."

"Najua." Akaanza kuchezea ncha ya kanga, hina ikaingia kwenye kitambaa, na wala sikumgombeza. "Nilitaka kuona kama umefurahi."

"Hafsa, nakuuliza. Unamtaka Muzamil?"

Akainamisha kichwa, akanyamaza. Nikamshika kidevu nikamwinua.

"Hilo mpelekee baba yako. Mimi nataka maneno."

 Jikoni walikuwa wanagombania mwiko. "Ni mtu mwema," akasema.

"Wema wake naujua, mimi ndiye niliyeuona kwanza. Sikukuuliza hilo."

"Akija, nikikaa naye, nasubiri aondoke." Sasa alikuwa anasema haraka, kama mtu anayetoa mwiba asiusikie. "Si kwamba ananiudhi, shangazi. Hajawahi kuniudhi. Ananiuliza habari za miche yangu, anasikiliza majibu. Lakini nikisikia pikipiki yake imeshafika chini ya mlima ndipo napumua. Nimejaribu. Tangu Ramadhani najaribu. Nikasema nitazoea."

"Na usipozoea? Ungekaa hivyo mpaka lini?"

"Mpaka ufe," akasema, halafu akaziba mdomo kwa mikono yote miwili, hina ikampaka mashavuni.

Nilikasirika. Mungu anisamehe, nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia yeye kwa kunifanya niimbe jikoni tangu Ramadhani. Nikamkasirikia Muzamil kwa kuwa mwema kiasi kile, maana angekuwa mlevi kazi ingekuwa rahisi. Nikaukasirikia mchele. Nikakasirishwa zaidi na hesabu yake, kwamba mtoto mwenye akili kama hiyo amekaa akapima maisha yake na uhai wangu, akaona anaweza kuvumilia, maana shangazi ameshazeeka. Angeingia nyumba ya watu, angepika, angezaa, angetabasamu lile tabasamu la dawa, ili mimi nikae barazani niangalie mabati.

Kisha hasira ikaniishia, nikamvuta nikamkumbatia kama alivyokuwa mdogo, na hina ikanichafua mimi pia.  Nikamwambia, "Mimi kufa sifi leo wala kesho. Utanichoka." Akalia kwa sauti kabisa, kule jikoni wakanyamaza, halafu mmoja akasema bila shaka ndiyo mambo yenyewe, mwari lazima alie, wakaendelea na mwiko wao.

Nilimfuta uso. Nikakivalisha kimulimuli ala yake ya ngozi nikakibeba mpaka barazani, maana sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu. Nikakisimamisha mahali pake lakini sikukivua ala. Mustafa akainuka, akaweka kofia sawa.

"Haya, dada. Wanasubiri."

"Leo hapana."

"Hapana nini?"

Hapo ndipo nilipomkumbuka bibi na uji wake, na nikamlaumu, kwa sababu aliniachia kazi bila kunipa maneno ya kusema. Mustafa ni mtu wa heshima zake. Amealika msikiti mzima. Nikimwambia binti yako hataki, atatakiwa kuwa baba mbele ya watu, atafoka, atakumbusha kwamba alimuuliza, na maneno yakishatoka hivyo hayazoleki. Na kule ng'ambo kuna kijana atakayetembea bandarini miaka na miaka akiitwa yule aliyekataliwa siku ya pilau. Nikasema neno lililokuja.

"Hakuna jua."

Mustafa akainua macho. Lilikuwa jua la kukausha korosho. Anga limesafika kuanzia ghubani mpaka Mtwara mjini, hata kitambaa cha wingu hakuna, kivuli chake mwenyewe kimelala miguuni pake cheusi tii, na jasho limeshaanza kuingia kwenye kola ya kanzu mpya. Akalitazama jua mpaka akapiga chafya. Akanitazama mimi, hina kifuani. Kisha akatazama nyuma yangu, na nikajua Hafsa amekuja kusimama mlangoni, na uso wake ule.

Akaona. Mustafa si mjinga, ni mwanamume tu. Midomo ikamcheza, nikasema sasa atafoka. Akavua kofia akajifutia uso nayo, akakaa kwenye kibaraza pole pole kama mgonjwa.

"Na huo mchele, dada?"

"Tutaula."

"Wote?"

"Wote. Tutawaita watu, tutaula."

Simu ikaita mkononi mwake. Akaiangalia, akasema ni ng'ambo, akatikisa kichwa kwamba yeye hawezi. Nikaichukua. Nilitegemea sauti ya mama yake Muzamil, nikajiandaa kwa ugomvi, na ugomvi mimi nauweza. Alikuwa Muzamil mwenyewe. Nyuma yake nilisikia wanawake wanacheka na mtu anajaribu ngoma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Tumesimama hapa ufukweni tangu saa ile. Hatujaona kitu. Wenzangu wanasema labda kioo kimevunjika."

"Hakijavunjika." Niliwaona. Kundi la watu kwenye mchanga, nguo zao zinang'aa, mabati ya nyumba yao yanawaka nyuma yao. Jua moja lilikuwa linatupiga sisi na wao. "Ni wingu, Muzamil. Huku kwetu limetanda wingu. Haliondoki."

 Ngoma ikagonga mara mbili tatu. Nikaona mmoja kati ya wale watu, mdogo kwa umbali, anatoka pembeni peke yake kuelekea majini, na mkono umeshika sikio.

"Halitaondoka, mama?"

"Halitaondoka, baba. Nisamehe."

 Nikangoja aniulize kosa lake ni nini, maana mtu yeyote angeuliza.

"Hata huku," akasema. "Hata huku naliona."

Hakukata simu. Nadhani alisahau. Nikamsikia anarudi kwa wenzake, mchanga unalia chini ya viatu, akawaambia wingu limekuwa kubwa, mambo yameahirishwa, waingie ndani. Mama yake akauliza wingu gani hilo, mbona yeye halioni.

"Lipo, mama. Twende ndani, usije ukanyeshewa."

Nikamrudishia Mustafa simu yake. Nilikuwa nimechagua vizuri, wallahi nilikuwa nimechagua vizuri. Nikakaa chini pale barazani, jua linanichoma utosini, nikalia, na Hafsa akaja akakaa kando yangu.